Jibu: Wapolandi wa Tengeru, mbona hawakurudi kwao vita vilipoisha?

Mkuu, umeuliza kwa nini wale wakimbizi wa Poland waliokuwa kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, hawakurudi kwao baada ya Vita Kuu ya Pili kuisha 1945. Warudi wapi? Wengi walitoka mashariki ya Poland, na vita vilipoisha sehemu hiyo ilikuwa imeshamegwa na kuwa ya Sovieti. Na hao Wasovieti ndio waliowabeba kwa mabehewa ya mizigo mwaka 1940 na 1941, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kukata magogo na kulima. Mtu aliyeonja hayo humwambii arudi chini ya mkono uleule.

Waliachiliwa 1941, baada ya Hitler kuivamia Sovieti. Wakapitia Iran, wanaume wakaingia jeshi la Poland lililopigana chini ya Uingereza, na akina mama, watoto na wazee wakaletwa huku Afrika Mashariki kwa meli. Tengeru pekee ilipokea kama 5,000. Wengine walikuwa Masindi na Koja, Uganda.

Baadaye shirika la kimataifa la wakimbizi likawatafutia makao: Uingereza kwa waliokuwa na ndugu wanajeshi, wengine Australia na Kanada. Wachache walibaki. Makaburi yapo mpaka leo, kama 150, na yanatunzwa vizuri kweli.