Kabla hujasema umepata aleli mpya kwenye vifaranga vya sato

Wadogo zangu mnaosoma mambo ya samaki, mmekuwa mkiniuliza sana kuhusu hizi jeli za isozaimu (isozaimu ni maumbo tofauti ya kimeng'enya kimoja, umeme unayatenganisha kwenye jeli yaonekane kama mistari), hasa nyie mnaotaka kufanyia thesis kwenye vifaranga vya sato, sasa naandika hapa maana kujibu mmoja mmoja inbox siwezi tena.

Kubwa kuliko yote: ukiona mistari miwili kwenye jeli usikimbilie kusema hizo ni aleli mbili, yaani matoleo mawili ya jeni moja. Nimekaa maabara vya kutosha na hapa ndo watu wengi wanaponzwa. Chukua LDH, kile kimeng'enya kinachogeuza pairuveti kuwa lakteti na kurudi. Samaki huyo huyo mmoja, aliyerithi kitu kile kile kwa baba na kwa mama, anakupa picha moja ya mistari kwenye nyama ya mgongo, nyingine kwenye moyo, na ukija kwenye jicho unakuta ya tatu. Ni kwa sababu jeni za LDH ziko zaidi ya moja, A inatawala kwenye msuli mweupe, B kwenye moyo, na samaki wengi wa mifupa wana C ambayo iko jichoni, ila kwa goldfishi hiyo C utaikuta kwenye ini. Kwa hiyo ukisaga kifaranga kizima ukakitia kwenye jeli, umechanganya vyote halafu unataka usome urithi, haiwezekani.

Halafu ongeza umri. Kiinitete kinaanza maisha na vimeng'enya alivyowekewa na mama ndani ya yai, jeni zake mwenyewe zinaamka baadaye na siyo zote kwa pamoja. LDH ya jicho kwa mfano inasubiri seli za kupokea mwanga zianze kukomaa. Sasa mtu anachukua mayai mdomoni mwa sato jike, anaandika "siku ya tatu" basi, wakati maji ya joto na ya baridi hayakuzi sawa! Andika nyuzi joto, na weka kwenye maikroskopu uandike unachokiona, macho yameshaingia rangi, mkia umeachana na kiini cha yai, moyo unapiga.

Kuhesabu mistari nako kuna kanuni. Kimeng'enya cha kipande kimoja cha protini kama PGM, mwenye aleli mbili tofauti anatoa mistari 2, cha vipande viwili kama GPI anatoa 3, na LDH ambayo ina vipande vinne anatoa 5. Lakini vipande vya A na vya B navyo vinaungana pamoja, na kwa samaki wengi miungano yote mitano haitokei, hapo ndo kichwa kinauma. Dawa yake ni kuzalisha. Wazazi wote wawili wakiwa na aleli zile zile mbili tofauti, watoto watoke 1:2:1, yaani robo wana ya kwanza tu, nusu wana zote mbili, robo wana ya pili tu, wasipokaribia hapo hiyo hadithi yako iangalie upya.

Sampuli ikae kwenye barafu muda wote, na usigandishe ukayeyusha mara kwa mara, hasa kwenye chumvi nyingi, maana vipande vya LDH vinaachana na kuungana upya, unapata mistari ambayo samaki hakuwa nayo. Kiini cha yai kitoe kama unaweza. PMS, ile kemikali ya kutia mistari rangi, fanyia gizani, na gloves jamani.

Supavaiza akikuuliza kwa nini usisome DNA tu, mwambie DNA ya jicho na ya ini ni ile ile, jeli ndo inakuonyesha kimeng'enya kipi kinafanya kazi wapi na lini. Akibisha mpe mfano wa Fundulus heteroclitus, samaki mdogo wa pwani ya Atlantiki kule Marekani, aleli zake za LDH-B zinabadilika ukitoka kusini kwenda kaskazini, na mwaka 1982 DiMichele na Powers walionyesha muda wa mayai kuanguliwa unatofautiana kulingana na aleli kiinitete kilizorithi.