Muulize Fundi: Mlango wa babu umegoma kufunga, niutupe?

Fundi shikamoo. Nimeachiwa nyumba ya babu huku Mpwapwa, ya zamani sana, kuta nene za matofali mabichi na milango mizito ya mbao ya kahawia inayoelekea wekundu. Tangu mvua zianze mwezi wa kumi na mbili mlango wa mbele haufungi mpaka uusukume na bega, halafu fremu kwa chini inalika. Fundi wa mtaani kaja, kaangalia dakika mbili, kasema ng'oa weka wa chuma, huo wa zamani yeye atanisaidia kwenda kuutupa. Nimsikilize? *(Mama wa watoto wawili, Mpwapwa)*

Marahaba mwanangu. Huyo fundi anayejitolea kukutupia mlango mshukuru, halafu akitoka funga geti vizuri. Hiyo rangi unayoisema inanuka mninga kabisa, lowesha halafu kwangua kidogo ule upande wa juu usioonekana ukutane na mbao yenyewe, na kama ni mninga basi una mali, maana mninga uliokauka miaka yote hiyo hata ukiwa na hela mbao ya namna hiyo hauipati dukani, za siku hizi nyingi zinakuja mbichi.

Sasa kuvimba. Mbao inakunywa unyevu wa hewa na inanenepa kwa upana, kwa urefu haisogei kitu cha maana, ndo maana mlango unabana pembeni upande wa kitasa. Mninga kwa kawaida hauchezi sana ukilinganisha na mbao zingine, kwa hiyo ukibana kiasi cha kusukuma na bega mimi namshuku kwanza bawaba. Shika mlango ukiwa wazi nusu, unyanyue juu kwa mikono miwili. Ukicheza, skrubu zimelegea na mlango umelala, na hapo hauna haja ya randa hata kidogo: toa skrubu, chonga kijiti cha mbao ngumu, kipake gundi nyeupe, kigongee kwenye tundu, kesho yake rudisha skrubu ndefu kidogo. Basi.

Kama hauchezi, chukua chaki paka kwenye fremu yote, funga mlango, fungua. Palipobaki alama ya chaki kwenye mlango ndipo panapogusa, na mara nyingi ni sehemu fupi tu kama shubiri moja. Ila usipige randa sasa hivi!! Mimi ujanani nilirandia mlango wa mteja mwezi wa pili, nikala hela yangu nikaondoka nafurahi, mwezi wa nane kaniita, upepo wa Dodoma wa kiangazi umekausha mbao mpaka kidole kinapita kati ya mlango na fremu na vumbi lote la barabarani liko sebuleni. Nilirudia kwa hela yangu. Subiri mpaka mwezi wa sita au wa saba, uone kama bado unagusa, ndo uondoe kidogo kidogo. Na ukishapiga randa paka vanishi au rangi pande ZOTE, mpaka ubavu wa juu na wa chini kwenye sakafu, mafundi wengi hapo chini hawapaki kwa sababu hapaonekani, na ndipo mbao inapokunywa maji.

Fremu chukua bisibisi chokoa kuanzia sakafuni kupanda juu, inapozama kama kwenye muhogo uliooza weka alama, inapogoma ndo mwisho wa ugonjwa. Kata juu kidogo ya alama, kata mshazari, usikate bapa, chonga kipande cha mbao ngumu iliyokauka kikae humo humo kwa mshazari uleule, gundi na skrubu mbili. Ukiangalia nyuma ya fremu ukaona vinjia vya udongo, hao ni mchwa wanapanda kutoka chini, kwa hiyo kabla hujarudishia mwaga dawa ya mchwa kwenye udongo pale, na kipande kipya kisimame juu ya zege, kisizikwe kwenye udongo. Oili chafu wanayopaka watu inanuka tu, rangi haishiki juu yake, na mchwa anazunguka anapita pembeni.

Rangi ya zamani usiikwangue kikavu ukiwa na watoto ndani. Rangi za enzi zile nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa mtoto. Lowesha, tumia msasa wa maji, vumbi likusanywe na kitambaa.

Fundi mambo. Nimetengenezewa kabati la jikoni la mbao za paini, mwezi wa nne lilikuwa zuri, sasa hivi mwezi wa tisa milango imepinda na imepasuka katikati. Fundi kanitapeli? *(Kijana wa Nkuhungu)*

Poa mdogo wangu. Pengine hakukutapeli, aliharakishwa, na huenda ni wewe ndo ulimharakisha. Paini ikishuka kutoka Mafinga ikiwa bado mbichi ikaingia randa wiki hiyohiyo, kiangazi chetu kinaimalizia kukauka ikiwa tayari ukutani kwako. Ungempa mbao zikae kivulini zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite, miezi kadhaa. Kwa sasa paneli iliyopasuka, yaani ule ubao wa katikati ya mlango, usiitie gundi wala misumari, itapasuka pembeni tena, acha mpaka iishie kusogea, ndo uibadilishe. Na mpya isigundishwe ndani ya fremu yake, ikae imechomekwa tu kwenye mfereji iwe na pa kucheza. Skrubu za bawaba zikaze baada ya mvua za kwanza.