Je, Wamormoni wanafundisha kwamba mtu mweusi alikosea mbinguni kabla ya kuzaliwa?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli Wamormoni (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) wanaamini mtu mweusi alizembea mbinguni kabla hajazaliwa, ndiyo maana akaja na ngozi hii. Viongozi wao wakubwa walilifundisha hilo kwa miaka mingi. Maandiko yao hayalisemi, na Desemba 2013 kanisa lililikana kwa maandishi.

Imani ya maisha kabla ya kuzaliwa yenyewe ipo hadi leo. Fungua Lulu ya Thamani Kuu, mojawapo ya vitabu vyao vya maandiko, Abrahamu 3, aya ya 22 hadi 28. Roho zilikuwa na Mungu kabla ya dunia, mpango ukaelezwa, mmoja akakasirika na wengi wakamfuata. Soma aya ya 26 taratibu: kuna walioitunza hali yao ya kwanza na wasioitunza, basi. Kwa mafundisho yao, waliokataa hawakupewa mwili kabisa. Kwa hiyo kila aliyezaliwa na mwanamke, awe wa Utah au wa Ukerewe, alifaulu. Rangi haitajwi.

Ufa umeanzia aya ya 22 na 23, zinazosema baadhi ya roho zilikuwa bora na zikachaguliwa kutawala. Ukishakubali kwamba roho zilipishana daraja, ni rahisi kuongeza lisiloandikwa: kwamba ngozi ndiyo inayoonyesha nani alikuwa wapi.

Na waliongeza kwa sababu walikuwa na jambo la kutetea. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani, mamlaka ya kidini ambayo kwao hupewa hata wanaume wa kawaida, mwaka 1836, mwanzilishi wa kanisa Joseph Smith akiwa hai. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyeongoza kanisa baada yake, akatangaza mbele ya bunge la Utah kwamba weusi hawapewi ukuhani, na sababu aliyoitoa ni laana ya Kaini, kwamba weusi ni uzao wake. Habari kwamba kulikuwa na roho zilizosimama katikati, bila kuchagua upande, wakati wa vita vya mbinguni aliikataa mwenyewe mwaka 1869. Lakini laana ya Kaini iligongana na Makala ya Imani ya pili, mojawapo ya kanuni fupi za imani yao, isemayo mtu ataadhibiwa kwa dhambi zake mwenyewe. Kosa la babu linamhusu nini mjukuu? Ndipo kiraka kikashonwa: kosa si la babu, ni lako, ulilitenda kabla hujazaliwa. Mtume wao Orson Hyde alishaligusa mwaka 1845, mtume mwingine Joseph Fielding Smith akalieneza karne ya 20, na mwaka 1949 Urais wa Kwanza, yaani rais wa kanisa na washauri wake, ukaliweka katika tamko lake. Kwangu hapo ndipo penye ukatili wenyewe: unashtakiwa kwa tendo usilolikumbuka, asiyekuwapo shahidi, na ushahidi pekee ni ngozi yako.

Wala haikuwa suala la cheo cha Jumapili tu. Bila ukuhani mwanamume hakupata endaumenti (ibada takatifu ya hekaluni) wala kuunganishwa na mkewe na watoto kwa milele, na wanawake weusi nao walizuiwa. Jane Manning James, mwanamke mweusi muumini, aliomba miaka na miaka. Mwaka 1894 alichopewa ni kuunganishwa na Joseph Smith kama mtumishi, na hata siku hiyo hakuruhusiwa kuingia: mwanamke mwingine alisimama badala yake.

Zuio liliondolewa Juni 1978 chini ya rais wa kanisa Spencer W. Kimball; uamuzi huo unasomeka katika Tangazo Rasmi 2. Angalia, tangazo hilo halikugusa sababu zilizokuwa zikitolewa. Nadharia ya kabla ya kuzaliwa ikabaki vichwani na kwenye vitabu vya zamani kwa miaka 35 mingine, mpaka insha ya kanisa ya 2013 ilipokana kwamba ngozi nyeusi ni laana au dalili ya matendo maovu ya huko nyuma. Insha hiyo haikutamka kwamba zuio lenyewe lilikuwa kosa. Nadhani ilipaswa kutamka.

Ukitumiwa nukuu WhatsApp, tazama kwanza mwaka na msemaji, kisha angalia aya gani imetajwa, maana watu huzichanganya. Abrahamu 1:26-27 inahusu uzao wa Farao na ukuhani, haitaji ngozi. Musa 7:22, nayo ya Lulu ya Thamani Kuu, ndiyo inayosema uzao wa Kaini ulikuwa mweusi, na anayeitetea imani hii asiifiche. 2 Nefi 5:21, katika Kitabu cha Mormoni, ni habari za Walamani, watu wa kitabu hicho ambao Wamormoni waliwahusisha na wenyeji wa Amerika, si Waafrika. Hakuna kati ya hizo inayotaja kosa la kabla ya kuzaliwa. Ya kuzipima nazo ni 2 Nefi 26:33: Mungu hamkatai yeyote, mweusi wala mweupe.

Kitabu cha Mormoni kipo kwa Kiswahili tangu 2000, unaweza kuhakiki mwenyewe. Na ukikutana na wamisionari wao, usiwaulize kama wanawachukia weusi. Watakana, na watakuwa wakweli. Waulize: zuio la 1852 lilitoka kwa Mungu au kwa wanadamu?