Uvimbe si saratani, mbona daktari anataka kukata na mfupa?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mwanangu ana miezi mitano. Ufizi wa juu, mbele, ulianza kuvimba akiwa na miezi mitatu. Sasa mdomo umenyanyuka na kunyonya ni shida. Uvimbe una weusi wa bluu na jino moja limeshachomoza. Walichukua kinyama, majibu yakasema ni uvimbe wa melanini wa watoto wachanga, si saratani. Lakini daktari wa upasuaji anataka kuukata pamoja na mfupa, tena haraka. Bibi yake anasema ni meno ya plastiki tu. Kama si saratani, haraka ya nini? Utarudi? Na meno yataota? (Mama, Morogoro)

Jibu: Mama, pole sana. Daktari wako yuko sahihi kuharakisha. Kuambiwa "si saratani" maana yake ni kwamba uvimbe wa aina hii kwa kawaida hausambai kwenda mapafuni au kwenye ini. Kasi yake pale ulipo ni habari nyingine, na huu ni mkorofi: unakua kwa wiki, unakula mfupa wa taya na kusukuma vijino vilivyojificha ndani. Jino la mwanao halikuota, limesukumwa.

Ni uvimbe adimu. Daktari wa meno anaweza kustaafu bila kuuona. Krompecher, aliyeuelezea mwaka 1918, aliuhesabu kuwa saratani. Mwaka 1966 Borello na Gorlin walimkuta mtoto mwenye uvimbe huu akiwa na VMA nyingi (mabaki ya homoni za aina ya adrenalini) kwenye mkojo, na ulipotolewa kiwango kikashuka. Hapo ikaeleweka kwamba chanzo ni zile seli ambazo, mimba ikiwa changa, huzaa mishipa ya fahamu na seli za rangi ya ngozi. Kipimo hicho cha mkojo hakipandi kwa kila mtoto, lakini kikipatikana kabla ya upasuaji ni kizuri cha kulinganishia baadaye.

Sasa mfupa. Chini ya darubini uvimbe huu una seli za aina mbili: kubwa zenye melanini, yaani ile rangi nyeusi, na ndogo za mviringo zisizo na rangi. Hauna kifuko kinachouzunguka, na seli zake hupenya kwenye vitundu vya mfupa. Daktari akifuata weusi peke yake ataacha mabaki. Ndiyo sababu wengi huongeza kama milimita 5 za mfupa unaoonekana mzima, wakiongozwa na picha ya CT. Akikutajia kuondoa nusu nzima ya taya la juu, hapo muulize kwa nini. Mara nyingi haihitajiki.

Kuhusu bibi: mheshimu, ila mtoto asipelekwe kwa mng'oa meno ya plastiki. Wembe kwenye uvimbe huu utaleta damu nyingi na maambukizi, na kiini kitabaki. Wapo pia watakaokutajia Burkitt, ile saratani ya taya ambayo Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 akiwa Kampala. Hiyo ni nadra sana kwa mtoto wa umri huu, na hutibiwa kwa dawa. Majibu ya kinyama yanazitenganisha.

Kurudi, unaweza: ripoti nyingi zinataja asilimia 10 hadi 20, hasa ndani ya mwaka wa kwanza baada ya upasuaji. Mimi ningetaka kumwona kila mwezi mwaka huo, hata akiwa mnene na anacheka. Asilimia chache hugeuka saratani kweli, kwa hiyo uvimbe wote uliotolewa upelekwe patholojia, yaani maabara ya kupima vinyama, usitupwe kwa kuwa majibu ya kwanza yapo.

Meno ya utoto ya sehemu hiyo huenda yakaondoka na uvimbe. Ya ukubwani inategemea umefika wapi. Picha ndiyo itakayosema. Yakikosekana, kuanzia miaka mitatu hivi anaweza kuvaa meno ya bandia ya kuvua, yanayobadilishwa kadiri taya linavyokua. Vipandikizi vya kudumu vinasubiri amalize kukua.