Mpunga, Omena na Gorogoro: Maswali Yenu Kuhusu Kuunganisha Masomo Chekechea

Tangu muhula uanze nimepokea maswali kutoka kwa walimu na wazazi wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya chekechea hapa Kenya, wa huku Magharibi, Kisumu na Nakuru, na mengi yao yanazunguka jambo moja: namna ya kupanga shughuli ambayo mtoto atajifunza humo lugha, hisabati, mazingira na ubunifu kwa pamoja, naye aone maana yake. Nimechagua matano.

Mwalimu, tunahimizwa kuunganisha maeneo ya kujifunzia, lakini ratiba yetu ni ya vipindi vya dakika 30 na kila eneo lina azimio lake la kazi (mpango wa mafunzo ya muhula). Nianzie wapi? (Mwalimu wa PP2, Ahero)

Mwalimu mwenzangu, ratiba haikuzuii. Chukua maazimio ya kazi ya majuma mawili yajayo, ya maeneo yote, uyatandaze mezani na kuyasoma kwa wakati mmoja, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi kwa sababu tumezoea kuandaa kila somo peke yake usiku wa kuamkia siku yake. Utaona kwamba yapo matokeo yanayoitana: hisabati inataka watoto walinganishe ujazo, mazingira inataka watambue vyakula vya kwao, lugha inataka wasimulie tukio kwa mpangilio. Kisha tafuta kitu kimoja kilicho karibu na watoto wako ambacho hakiwezi kueleweka vizuri bila mambo hayo yote matatu. Wewe uko Ahero, kwa hivyo kitu hicho kinaota karibu na mlango wako.

Leta mpunga. Jumatatu, katika kipindi cha mazingira, watoto washike masuke, wapukuchue, wamenye punje chache kwa kucha, kisha uwatwangie kidogo kwenye kinu na mtu mzima awaonyeshe kupeta kwa ungo. Huo ndio wakati ambapo lugha inaingia yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kimeupa mmea huu majina matatu kwa hatua tatu: ukiwa bado na maganda yake ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali. Mtoto aliyeona ganda likiruka kutoka kwenye ungo hatayachanganya majina hayo tena, na siku ya Jumatano atakapoambiwa asimulie kilichotangulia na kilichofuata, atakuwa na kisa chake mwenyewe cha kusimulia.

Jumanne ni ya hisabati, nayo inahitaji swali la kweli: je, mchele wa gorogoro moja, yaani mkebe wa kupimia nafaka sokoni, ungetutosha sote? Watoto wabashiri kwanza ni vikombe vingapi vitajaza gorogoro, ndipo wapime, mmoja akimimina na wengine wakihesabu kwa sauti. Niliwahi kuketi pembeni mwa darasa lililokuwa likifanya hivyo. Mvulana mmoja alimimina kikombe kimoja ndani ya chupa nyembamba na kingine cha kiasi kilekile ndani ya bakuli pana, akaishika ile chupa kwa mikono miwili na kutangaza kwamba yeye ndiye mwenye mchele mwingi. Mwalimu wake hakumkosoa. Alimwomba arudishe kila mchele katika kikombe chake, na mtoto akabaki akivitazama vikombe viwili vilivyolingana, akamimina tena, akarudisha tena, mara tatu, huku wenzake wamenyamaza. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza zamani kwamba watoto wa umri huo huhukumu kiasi kwa urefu wa kile wanachokiona, na hakuna maelezo ya ubaoni yanayoweza kushika nafasi ya mkono unaomimina na kurudisha.

Alhamisi watoto wabandike maganda na punje kwenye karatasi kwa ruwaza wanazobuni wao. Katika andalio la somo, kila kipindi kibaki na tokeo lake moja lililo wazi, kwa sababu uzi unaoviunganisha vipindi ni ule mpunga na lile swali, na hulazimiki kufundisha maeneo manne ndani ya dakika 30. Tahadhari moja: punje ndogo huishia puani na masikioni, hivyo mtu mzima asiondoke mezani hata kidogo.

Mada yetu ya wiki ilikuwa samaki. Watoto walihesabu picha za samaki, waliimba wimbo wa samaki, walipaka samaki rangi na kutamka sauti ya "s". Msimamizi wetu alisema bado hatujaunganisha masomo. Kosa liko wapi? (Mwalimu wa shule ya kibinafsi, Kisumu mjini)

Najua ulifanya kazi kubwa, na ninakuambia haya kwa heshima. Jaribu kipimo hiki: ondoa samaki katika kila somo uliloandaa, weka kiatu mahali pake. Watoto wangehesabu picha za viatu, wangepaka viatu rangi, na hakuna ambacho kingeharibika. Maana yake ni kwamba samaki alikuwa pambo la wiki, hakuwa jambo la kuchunguzwa, na mtoto alimaliza Ijumaa akimjua samaki kwa kadiri ileile aliyomjua Jumatatu.

Sasa fikiria umepita sokoni Kibuye ukanunua ngege (sato) mmoja mzima na vikombe vichache vya omena (dagaa) waliokauka. Kabla ya kuwaonyesha, waambie watoto wachore samaki. Wengi watachora umbo la yai lenye mkia. Kisha mweke ngege juu ya sinia, wamguse, waone jinsi magamba yanavyopandiana kama mabati ya paa, wafunue kifuniko cha shavu na kuona matamvua mekundu yanayomwezesha kupumua majini, wahesabu mapezi na kubishana kama lile la mgongoni ni moja au ni mengi. Wachore tena. Weka michoro miwili ya kila mtoto ukutani, na mzazi yeyote atakayeingia ataona kwa macho yake kilichofundishwa.

Halafu uliza swali ambalo kila mtoto wa Kisumu amelipita bila kulifikiria: kwa nini omena hupimwa kwa gorogoro, ilhali ngege huuzwa mmojammoja? Hapo kuna hesabu, kuna mazingira, kuna mazungumzo marefu, na duka la kuigiza litazaliwa lenyewe. Kiatu hakiwezi kushika nafasi hiyo.

Kuhusu sauti ya "s", iache ifundishwe kwa utaratibu wake. Sauti za herufi na kuhesabu kwa kugusa kitu kimoja baada ya kingine ni stadi zinazohitaji muda wake maalumu kila siku, na si lazima zifungwe kwenye mada ya wiki. Afadhali maeneo mawili yaliyoshikana kweli kuliko matano yaliyofungwa kwa kamba.

Mwanangu wa PP1 anarudi nyumbani na udongo kwenye nguo, daftari lake ni tupu. Nalipa karo kwa shida. Je, anajifunza kweli? (Mzazi, Nakuru)

Mama, swali lako ni la haki. Mtoto wa miaka minne anayefinyanga vyungu vya udongo anaimarisha misuli ya vidole atakavyoshikia kalamu mwakani, na akipanga vyungu hivyo kuanzia kidogo hadi kikubwa anafanya hisabati ambayo daftari haliwezi kuionyesha. Si fikra mpya. Mwaka 1896 mwanafalsafa John Dewey alianzisha shule katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, ambako watoto walipika, walishona na walifanya useremala, na hesabu za vipimo zikazaliwa humohumo kazini.

Hata hivyo, udongo peke yake si somo. Mwendee mwalimu, na badala ya kumwuliza kwa nini daftari ni tupu, mwulize watoto wanatafuta kujua nini wiki hii na mwanao amefikia wapi. Akikueleza kwa mifano, tulia. Akikosa jibu kabisa, una sababu ya kurudi tena, na ninakusihi urudi.

Shule yetu haina fedha za vifaa. Tufanyeje? (Mwalimu, Busia)

Katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea, kwa hivyo pelekeni orodha ya mahitaji yenu huko kwa maandishi na mhifadhi nakala. Wakati mnasubiri, vifuniko vya chupa, magunzi, vibuyu, mbegu, mikebe na mchanga vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza hapo juu. Kitu ambacho nisingenunua hata fedha zikipatikana ni chati ya plastiki yenye picha ya muhindi, ilhali mahindi yenyewe yako nyuma ya darasa.

Shughuli moja ikibeba maeneo matatu, nitajuaje nani ameelewa nini? Nina watoto 40, na wengi huzungumza Kimaragoli tu. (Mwalimu wa PP1, Vihiga)

Huwezi kuwatazama wote 40 kwa siku moja, na anayedai kwamba anaweza anajaza fomu tu. Chagua watoto wanane kila siku, ili kufikia Ijumaa uwe umempitia kila mmoja. Kabla ya kipindi, andika kichwani mwa ukurasa jambo moja tu unalolitafuta, kwa mfano: je, anagusa kila punje mara moja anapohesabu? Mengine yakijitokeza yaandike pia, lakini usiyawinde.

Kuhusu lugha, sera yetu inaruhusu lugha ya eneo katika miaka hii ya mwanzo, nawe itumie bila kuona haya, ukiongeza Kiswahili taratibu kwa kukitaja kitu ambacho tayari kiko mkononi mwa mtoto. Mtoto anayenyamaza ukimwuliza kwa Kiswahili huenda anajua kabisa ni kibuyu kipi kimejaa zaidi na kwa nini. Mwulize kwa Kimaragoli, na katika daftari lako andika maneno yake jinsi alivyoyatamka, pamoja na tarehe. Mwisho wa muhula mzazi akija, msomee kurasa hizo, kwa sababu atamtambua mwanawe ndani yake upesi kuliko katika alama yoyote.