Ukuta wa barafu wa ndani: je, unatosha kumwandaa mkweaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Moshi ninayeishi Edinburgh, ambako nimezoea kukwea kuta za kawaida za ndani. Marafiki wamenialika kukwea Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Scotland, mwezi Februari, tukiwa na mwongozaji. Je, nilipie mazoezi kwenye ukuta wa barafu wa ndani, au haya ninayofanya yanatosha?
Msomaji, Edinburgh

JIBU: Ndugu msomaji, ulipie, lakini mara chache tu, na usiufanye ukuta huo kuwa msingi wa maandalizi yako.

Huko Scotland ukumbi uliojulikana zaidi kwa kazi hii ni Ice Factor wa Kinlochleven, uliofunguliwa mwaka 2003 katika majengo ya kiwanda cha zamani cha aluminiamu. Barafu yake iligandishwa ndani ya chumba cha baridi kali, na gharama ya umeme wa kuilinda isiyeyuke mwaka mzima ndiyo sababu kumbi za namna hii ni chache popote duniani. Uliza kwanza kama ukumbi unaoukusudia uko wazi kabla ya kukata tiketi.

Faida kubwa utakayoipata humo ni ya miguu. Anayeanza kuvaa kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, huinua visigino kama alivyozoea kwenye ukuta wa kawaida, na meno ya mbele yakachomoka. Visigino vikishushwa kidogo, meno hukaa imara na misuli ya nyuma ya mguu hupumzika. Utajifunza pia kutoyakaba kwa nguvu mashoka ya barafu, yaani yale unayoyashika mikononi na kuyapiga kwenye barafu ili upande, kwa sababu mikono iliyoinuliwa muda mrefu huku vidole vimekaza hupoteza joto na nguvu upesi.

Tatizo ni kwamba barafu ya ndani imekwisha kutobolewa na mashoka ya waliokutangulia. Mkweaji huning'iniza shoka katika tundu lililopo, akapanda kwa raha, na akatoka akidhani kwamba anajua kupiga shoka. Mlimani barafu hubadilika kwa saa chache: baridi ikizidi hupasuka vipande kama kioo, jua likiipiga hulainika, na penginepo ni ganda jembamba lisiloshikana na mwamba. Isitoshe, humo ndani kamba kwa kawaida hutoka juu, kwa hiyo hutapata mazoea ya kufunga skrubu za barafu, yaani skrubu zinazozungushwa ndani ya barafu ili kushikilia kamba, huku umening'inia kwa mkono mmoja.

Tena njia nyingi za Ben Nevis wakati wa baridi huchanganya mwamba, theluji na udongo ulioganda. Kwa njia hizo, ningekushauri utumie muda mwingi zaidi kukwea mwamba mkavu kwa mashoka, mahali panaporuhusiwa. Usiende na mashoka ya chuma kwenye ukuta wako wa kawaida, maana yanaharibu vishikio na yanaweza kumjeruhi aliye chini. Baadhi ya kumbi hukubali mashoka ya mazoezi yenye kitanzi mahali pa ncha ya chuma. Nyumbani, ning'inia kwenye mashoka yaliyofungwa barabara juu ya boriti, na uimarishe misuli ya nyuma ya miguu kwa kupanda na kushuka ngazi ukiwa na mzigo.

Kuhusu viatu, vile vya kupandia Kilimanjaro huenda visifae hata kidogo: soli inayopinda huweza kuiachilia kramponi katikati ya ukuta. Kodi vyenye soli ngumu, na uvijaribu ukiwa umevaa soksi zile zile utakazovaa mwezi Februari.