Kabla hujabishana na mjomba wako kuhusu umri wa ulimwengu

Mjomba wangu huniita mjomba, nami humwita mjomba. Ndivyo tulivyoitana tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Jioni moja, tukiwa watu saba au wanane sebuleni, akaniita mwalimu. "Haya, mwalimu," alisema, akachukua miwani yake mezani, akaikunja taratibu, akaaga. Tulikaa karibu miaka miwili tukipeana salamu tu.

Hoja yangu ilikuwa nzuri. Mpaka leo naitumia darasani, maana kufundisha fizikia ndiyo kazi yangu. Yeye alikuwa amesema ulimwengu una miaka elfu sita. Nikamwambia kuna galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, iitwayo Andromeda, inayoonekana kwa macho matupu usiku wa giza kama doa la ukungu, na nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 hivi kabla ya kutufikia. Ulimwengu ungekuwa na miaka elfu sita, nuru hiyo ingekuwa bado iko njiani na tusingeiona. Akafikiri kidogo, akasema Mungu anaweza kuiumba nuru ikiwa tayari njiani. Nikacheka. Hakikuwa kicheko hasa, ilikuwa pumzi tu ya puani, lakini waliokuwepo waliisikia na wawili wakacheka nami.

Tangu siku hiyo nimebishana mara nyingi juu ya mambo haya, na waumini wasiotaka kusikia sayansi na wasomi wasiotaka kusikia dini. Yapo machache ninayoweza kumwambia mtu anayejiandaa kuingia kwenye ubishi huo. Moja nalimaliza haraka: usibishane mbele ya watu. Mkiwa wawili, mtu anaweza kusema "hapo umenifikirisha". Mbele ya watoto wake na shemeji zake hawezi. Pale analinda heshima yake, na hizo nyota wala hazikumbuki tena.

Linalofuata ni la lugha, na hili nitalikalia kidogo. Sisi tunaobishana kwa Kiswahili tuna mitego yetu. Chukua neno nadharia. Shuleni tumezoea kusikia "nadharia na vitendo", ambapo nadharia ni ile sehemu ya maneno, kabla mikono haijashika kazi. Ndiyo maana mtu akitajiwa nadharia ya Mlipuko Mkuu anajibu, tena kwa haki kabisa: si nadharia tu hiyo? Kwa wanasayansi nadharia ni maelezo yaliyokwisha kupimwa kwa njia nyingi na yakasimama. Kwamba vijidudu huleta magonjwa nayo ni nadharia, na sijaona anayeacha kunawa mikono kwa sababu hiyo.

Mlipuko nao unapotosha. Ukilitaja neno hilo, msikilizaji anaona bomu: kuna mahali lilipolipukia, kuna moshi, kuna vipande vinavyoruka kwenda penye uwazi. Kisha anakuuliza ni bomu gani lililowahi kujenga nyumba, na kwa picha aliyo nayo kichwani swali lake ni zuri. Lakini kinachoelezwa si bomu. Ni nafasi yenyewe iliyoanza kutanuka, kila mahali kwa pamoja, kutoka kwenye hali ya joto kali na msongamano usiosemeka, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Hata jina lenyewe lilitoka kwa mtu asiyeikubali nadharia hiyo, mwanafalaki Mwingereza Fred Hoyle, alipokuwa akizungumza redioni mwaka 1949.

Halafu kuna mbingu. Kwetu mbingu ni huko juu ziliko nyota, na hiyo hiyo mbingu ndiko tunakotarajia kwenda tukifa. Nilipokuwa mdogo, niliposikia watu wamefika mwezini, niliuliza kama walimpita marehemu bibi. Watu wazima hubishana vivyo hivyo bila kujijua. Mmoja anasema wanaanga walipanda wakazunguka huko na hawakumwona Mungu, mwingine anawaka hasira. (Maneno hayo husingiziwa Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, aliyeruka mwaka 1961, lakini katika kumbukumbu za mazungumzo yake akiwa safarini hayamo.) Aliyesema na aliyekasirika wamekubaliana jambo moja pasipo kuambizana, kwamba Mungu ni kitu ambacho kingeweza kuonekana kupitia dirisha la chombo. Muulize muumini polepole kama ndivyo anavyoamini. Wengi watakuambia hapana.

Kwa hiyo siku hizi sijibu kabla sijauliza: ukisema hivyo, una maana gani? Na mimi mwenyewe nimeacha kujibu "ndiyo" ninapoulizwa kama naamini Mlipuko Mkuu. Imani yangu ninayo, na ina mahali pake. Mlipuko Mkuu nimeukubali kwa sababu ya ushahidi, na ushahidi ukigeuka nitauacha bila kutubu.

Ushahidi wenyewe usiumwage kama hukumu ya mahakama. Simulia jinsi ulivyopatikana, pamoja na uchafu wake. Mimi husimulia habari za njiwa. Mwaka 1964 wanasayansi wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, kule New Jersey, Marekani, walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe, na antena hiyo ilikuwa na mvumo mdogo usiokoma. Wakaigeuza huku na huku, mvumo ni ule ule. Usiku na mchana, ule ule. Wakachungulia ndani wakakuta njiwa wamefanya kiota. Wakawaondoa, wakakwangua kinyesi, wakarudi kusikiliza, na mvumo ukawa ungalipo. Kumbe walikuwa wanasikia mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, joto ambalo sasa limepoa hadi nyuzi 270 hivi chini ya sifuri na linatufikia kutoka kila upande. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1978. Sijawahi kumwona mtu akikasirikia hadithi hii, hata yule asiyekubali mwisho wake. Mtu akishawaona wale wawili na brashi zao, hawezi tena kusema kwamba wanasayansi walikaa mahali wakapanga kumpinga Mungu.

Na kama kuna aliyependekeza mapema kwamba ulimwengu unatanuka kutoka mwanzo mdogo, alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alichapisha hesabu za kutanuka mwaka 1927, na mwaka 1931 akaongeza wazo la chembe ya mwanzo. Waumini wengi nikiwaambia hivyo hufurahi, nami huwaomba wasubiri nimalize. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alitoa hotuba akionyesha kwamba sayansi sasa inashuhudia ile siku ya "iwe nuru". Ungetarajia padri ashangilie. Hakupendezwa. Alisema nadharia yake haihusiani na swali la kidini, yaani asiyeamini ana uhuru wa kuikubali na anayeamini hana haja ya kuitegemea, na alifanya juhudi Papa asirudie maneno yale. Papa hakuyarudia.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliona padri anajitia ugumu bure. Leo naona alikuwa mtu mwenye akili kuliko wote waliokuwemo. Ukiifunga aya kwenye nadharia ya leo, siku nadharia itakaporekebishwa utaifanyaje aya? Wakristo wanafanya hivyo kwa Mwanzo 1. Waislamu nao wanafanya kwa aya ya Suratu Dhariyat inayotaja kupanuliwa kwa mbingu, ambayo wafasiri wengi wa kale waliielewa kama habari ya uwezo na wasaa wa Mungu, karne nyingi kabla mtu hajapima galaksi. Familia yetu ina wa dini zote mbili, na nimeketi na wote wakinionyesha jambo hilo hilo kwa furaha ile ile.

Upande wa Uislamu kuna mfano ninaoupenda zaidi. Mwaka 632 Ibrahimu, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad, alifariki, na jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa msiba huo. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo baba yule, tena katika majonzi. Akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu. Baadaye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akaandika kwamba mtu anayewapinga wanafalaki kwa jina la dini, wanapoeleza kwa hesabu jinsi mwezi unavyoingia kati ya jua na dunia, anaidhuru dini. Aliyeziona hesabu hataacha hesabu. Ataanza kuitilia shaka dini.

Wenzangu wa upande wa sayansi nao wana lao, ila kwao sina maneno mengi. Usiseme "sayansi imethibitisha hakuna Mungu", kwa sababu haijafanya hivyo na wala haina kipimo cha kufanyia. Mwaka 1979 Abdus Salam na Steven Weinberg waligawana Tuzo ya Nobeli ya fizikia, pamoja na Sheldon Glashow, kwa nadharia moja. Salam alikuwa mtu wa Kurani na sala, Weinberg hakuamini Mungu wala hakulificha hilo. Milinganyo ilikuwa ile ile. Na usisahau kusema ni kiasi gani hatujui: maada ya kawaida, ile ya nyota na mawe na miili yetu, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni, na sehemu iliyobaki tumeipa majina bila kujua ni nini. Ukilisema hilo mwenyewe kabla hujaulizwa, mwenzako atakuamini unapomwambia kile tunachokijua. Lakini mwumini naye asiichukue ile asilimia 95 akamwekea Mungu makazi humo; mashimo ya aina hiyo yamekuwa yakizibwa tangu zamani.

Nirudi kwa mjomba. Nilimwendea peke yangu, nikamwomba radhi kwa kile kicheko. Kuhusu umri wa ulimwengu sikumwomba radhi, na wala hakunidai. Tukakaa. Ndipo nikamwuliza swali ambalo ilipasa niulize siku ile ya sebuleni: kwa nini miaka elfu sita ni muhimu hivyo kwako? Nilijua idadi hiyo haijaandikwa popote katika Biblia. Watu waliipata kwa kujumlisha vizazi. Anayejulikana zaidi ni askofu mkuu James Ussher wa Ireland, aliyechapisha hesabu yake mwaka 1650. Nilikuwa nimeshajiandaa kumweleza yote hayo.

Mjomba akasema, "Mjomba, mimi nimezika mke. Ukurasa wa kwanza wa kitabu ukiwa si kweli, wa mwisho nitaushika vipi?"

Sikuwa na la kujibu. Wakati wote nilidhani tunabishana juu ya nuru ya Andromeda, naye alikuwa anazungumzia kama atamwona tena mkewe. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu, nisikilize hapa: ukiona mtu anaitetea tarehe kwa nguvu isiyolingana na tarehe, jua kuna kitu kingine kimening'inizwa juu yake, na usiichomoe kabla hujajua ni nini.

Siku nyingine nilimpelekea habari za Agostino, askofu wa Hippo, mahali palipo Algeria ya leo. Miaka 1,600 iliyopita, bila darubini wala galaksi, Agostino alikuwa ameshaandika kwamba siku zile sita si lazima ziwe siku kama zetu, na akawaonya Wakristo wasijiaibishe kwa kunena ovyo mambo ya nyota mbele ya wanaoyajua. Na ukurasa wa mwisho aliushika mpaka kufa kwake. Mjomba alisikiliza, hakusema ndiyo wala siyo. Aliniuliza tu huyo Agostino aliwahi kufiwa na nani. Nikamwambia mama yake, na mwanawe wa kiume. Akatikisa kichwa.

Mwishoni mwa mwaka ule umeme ulikatika eneo zima, kukawa giza totoro. Akatoka nje akaniita, "Mjomba, ile ya kwako ya siku ile ni ipi?" Nilikuwa na darubini ndogo ya macho mawili. Nikamwonyesha upande wa kaskazini, nikamsaidia kuikamata, maana mikono yake hutetemeka kidogo siku hizi. Akasema haoni kitu. Kisha akasema, "Kama pamba?" Nikasema ndiyo, kama pamba.

Alinyamaza kwa muda mrefu.

"Na hii ninayoiona imetoka huko kabla ya Adamu."

"Ndiyo, mjomba."

Akanirudishia darubini. Nikaanza kuivalisha mfuko wake, akaninyoshea mkono, akaitaka tena.